Kwa Nini Wananchi Waliupenda Mchezo wa Kinjeketile

(Haya ni maelezo yaliyotolewa mjini Kayanga mbele ya walimu na vijana wa wilaya za Karagwe na Kyerwa.)



Nimetakiwa nieleze kwa nini mchezo unaoishia katika kushindwa na mauti umependwa na wananchi kwa zaidi ya nusu karne. Mchezo wenyewe ni Kinjeketile, tanzia ya Ndugu Ebrahim Hussein, mzaliwa wa Kilwa, iliyochapishwa mwaka 1969.

Wengi hujibu kwamba ulipendwa kwa kuwa unasimulia Vita vya Majimaji vya mwaka 1905 hadi 1907, na taifa changa lilihitaji mashujaa. Jibu hilo ni la kweli, lakini halitoshi. Mashujaa wa kusifiwa hatukuwakosa. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, ngonjera zilighaniwa mashuleni nchi nzima, na ndani yake mwenye haki alishinda siku zote. Zilifanya kazi yake, nasi tunazishukuru. Lakini ni ngapi tunazozikumbuka leo?

Mchezo huu umedumu kwanza kwa sababu unamheshimu mtazamaji. Hauhitaji kumweleza kwamba mkoloni ni dhalimu, maana hilo analijua. Unamwonyesha jambo zito zaidi. Kinjeketile anawaunganisha watu waliokuwa wakidharauliana, na kinachowaunganisha ni maji. Kisha shaka inamwingia. Anataka wangoje na kujiandaa, lakini neno limekwisha kumtoka, nalo sasa lina nguvu kuliko yeye. Watu wanaikabili bunduki kwa imani ya maji. Sisi tuliokaa kitako tunajua kwamba risasi haitageuka maji, wala hatuwezi kupanda jukwaani kuwazuia. Huruma na hofu hiyo ndiyo Wayunani wa kale waliyoiona kuwa roho ya tanzia.

Pili, mchezo hautoi jibu rahisi. Mwishoni, Kinjeketile akiwa kifungoni, rafiki yake Kitunda anamsihi akiri kwamba maji yalikuwa uongo, ili mateso yapungue. Anakataa, kwani Mjerumani angelitumia ungamo hilo kusema kwamba kupigania uhuru kulikuwa kosa. Nani ana haki kati yao? Mtazamaji huondoka na swali hilo, akabishana na mwenzake njia nzima.

Mtaniuliza: Ngarambe ni mbali, sisi wa Karagwe na Kyerwa yatuhusu nini? Kumbukeni mnyauko wa migomba ulioingia mkoani Kagera mwaka 2006. Mkulima anapoiona migomba yake, chakula cha watoto na heshima ya nyumba, ikioza mbele ya macho yake, akitokea mtu na chupa ya dawa ataipokea kwa mikono miwili. Ukweli ni kwamba dawa ya kunyunyiza haipo. Dawa ni kazi: kukata ua la kiume kwa kijiti chenye panda, kung'oa mgomba uliougua, na kupitisha panga motoni kabla ya kuligusa shina jingine. Neno la uongo ni tamu kwa sababu halidai jasho. Basi tusiwacheke wale wa mwaka 1905. Walikuwa watu kama sisi, na shida yao ilikuwa kubwa kuliko yetu.

Wala tanzia si ngeni kwetu. Wapiga nanga wa mkoa huu, ambao tendi zao zilichunguzwa na Profesa M. M. Mulokozi, hawakuogopa kumwonyesha shujaa akianguka. Wazee waliwasikiliza usiku kucha, na asubuhi walikwenda shambani.

Ndugu zangu, nasema haya nikiwa mwandishi wa Chama. Nasi huwa tunagawa maji. Tunaandika kwamba mradi umefanikiwa kabla ya mavuno, na kiongozi akilisoma neno hilo gazetini analiamini, kisha analirudia mkutanoni. Mwananchi anayejua hali ilivyo hunyamaza, na umoja wetu huanza kufa katika ukimya huo.

Kwa hiyo uchezeni mchezo huu mashuleni na vijijini. Msiubadili mwisho wake ili kuwafurahisha wageni wa heshima. Viongozi nao wakae mbele, watazame mpaka mwisho, kisha wabaki kusikiliza wananchi wanabishana nini.