Nabii Akija Mlangoni

Mmeniuliza mara nyingi: mtu akisimama kanisani na kusema, "Bwana amenituma," tumfanyeje? Wengine humfukuza kabla hajamaliza neno. Wengine humfuata, mifuko wazi.

Swali hili ni la kale. Mwaka 1873 Mgiriki Philotheos Bryennios aliona mjini Konstantinopoli kitabu kilichonakiliwa kwa mkono mwaka 1056. Ndani yake mlikuwamo Didake, yaani Mafundisho ya Mitume, maandiko ya Wakristo wa kwanza kwanza.

Wakristo wale waliwaheshimu manabii mno. Nabii wa kweli alipewa malimbuko ya divai na nafaka, ya ng'ombe na kondoo. Na katika Ekaristi aliachiwa kushukuru kadiri apendavyo. Anenapo kwa Roho, hapana ruhusa kumjaribu.

Lakini mwenendo wake waliutazama sana. Mtume mwenye kusafiri na akae siku moja, au mbili kwa haja. Akikaa tatu, ni nabii wa uongo. Akiondoka apewe mkate wa kumfikisha malazi. Akitaka fedha, ni wa uongo. Akiamuru kwa Roho meza iandaliwe, kisha akala mwenyewe, ni wa uongo vile vile. (Nadhani mwandishi yule alikwisha kupokea wageni wengi!) Bali akiwaombea wahitaji wengine, mtu asimhukumu.

Na mtaa usio na nabii? Malimbuko yale yale, wapewe maskini.