Shefu wa Mradi Anafanyaka Nini Mchana Kutwa?

Maneno tuliyosema kwenye mkutano wa wanamemba, Baraka

Wazee wetu, wamama, vijana, na ninyi wafadhili mutakaoyasoma haya mkiwa mbali:

Mama mmoja alituuliza pale kisimani: "Ninyi wa biro munafanyaka nini? Vijana ndio wanachimba, fundi ndiye anajenga, ninyi munapita tu na moto." Tulicheka, lakini swali lake lilitufuata hadi nyumbani.

Kwenye karatasi kazi yetu ni kupanga, kuchunga makuta na kuandika ripoti. Ni kweli. Fakitire moja ya simenti isiyo na muhuri inaweza kutukalisha biro hadi usiku. Ila saa nyingi zinaishia chini ya mwembe, tukisikiliza watu.

Tuchukue bomba la tatu. Fundi alikuwa tayari, mvua ilikuwa karibu. Tukauliza parsele ni ya nani, jirani akasema: "Haina mwenyewe, walikimbiaka zamani." Tukaamini, tukachimba. Hapo tulikosa, na tunalisema mbele yenu: hatukungoja karatasi ya shefu wa lokalite. Munajua wenyewe: wengi wenu mulianza kurudi na meli za kutoka Kigoma mwaka 2005, na wengine hadi leo wako Nyarugusu. Parsele isiyo na mtu si parsele isiyo na mwenyewe.

Wiki ya pili akafika baba mmoja na watoto wake, akakuta mtaro umepita pale nyumba ya baba yake iliposimama. Hakupiga kelele. Aliketi juu ya udongo tuliotoa, akauliza: "Nani aliuza?"

Kazi ilisimama siku 19. Tulikwenda kwa shefu mara tano. Tulimtafuta mzee anayejua mipaka ya zamani, naye alikuwa mgonjwa, tukangoja. Fundi alidai alipwe siku alizokaa bure, na alikuwa na haki. Kwenye ripoti haya yote yakawa mstari mmoja: "kazi ilichelewa kidogo." Mstari ule unatuhayisha.

Sasa baba huyo amekubali bomba lisogee pembeni ya njia, na mtaro tuufukie. Ameomba kijana wake aingie komite ya maji. Hilo si letu kutoa. Ninyi ndio munachagua, na leo lazima mujibu. Kusogeza mabomba kunataka makuta, nasi tumewaomba wafadhili tuyatoe kwenye sehemu ya mafunzo. Hatutagusa hata franga kabla ya jibu lenu, ila tafadhali lifike mbele ya mvua.

Karatasi ya parsele ya bomba la nne iko kwa katibu. Inatakiwa sahihi nne, ziko tatu. Anayewajua watoto wa marehemu mwenye shamba lile, wakiwa Kigoma ama wapi, atuone mkutano ukiisha.