Kerezo Letu: Tulichokipata na Kinachobaki

Maneno ya fundi mkereza mstaafu katika chakula cha hisani cha chama chetu, Dar es Salaam



Mwenyekiti ameniomba nieleze habari za ile mashine ya kukereza iliyo katika karakana ya vijana. Wengi wenu mlichangia usafiri wake, na kila nikikutana na mmoja wenu ananiuliza, "Fundi, mashine inazunguka?" Jibu fupi ni kwamba inazunguka, lakini haijakamilika. Naomba dakika chache nitoe jibu refu.

Sisi ni watu wa mkonge. Zao hili liliingia kwetu mwaka 1893, na mwaka huohuo reli ilianza kujengwa kutoka Tanga kuja bara. Tangu hapo kila shamba kubwa lilikuwa na korona yake, na nyuma ya korona palikuwa na karakana. Bushi ikilika, pini ikikatika, hakuna aliyesubiri meli kutoka Ulaya. Fundi alichukua kipande cha chuma, akakifunga kwenye kerezo, na kabla ya jioni korona ilikuwa inanguruma. Wazee wengi waliomo humu walisomeshwa kwa mishahara ya karakana hizo. Bei ya mkonge ilipoanguka mashamba yakafungwa, na karakana zikafa nayo.

Mashine yetu imetoka katika karakana moja ya namna hiyo. Ni Myford ML7, iliyotengenezwa Beeston, karibu na Nottingham, Uingereza. Aina hii ilianza kuuzwa mwaka 1946. Tuliitambua kwa namba iliyogongwa kwenye kitanda chake: namba za ML7 huanza na herufi K. Vijana niliwaambia tangu siku ya kwanza, kabla hujatafuta kipuri, tafuta namba. Bila hiyo utanunua kitu kizuri cha mashine ya mtu mwingine.

Ilipofika ilikuwa na kitanda, kichwa, behewa la kubebea kisu, parafujo ndefu na sahani ya kufungia kazi. Haikuwa na mota, haikuwa na chaki, yaani kile kikamatio chenye taya tatu, na haikuwa na kichwa cha nyuma, ambacho sisi mafundi tunakiita mkia. Seti yake kamili ina gia 14 za kubadilisha, kuanzia meno 20 hadi 75. Tulikuta gia tano.

Kwanza tulipambana na kutu. Kitanda tulikisafisha kwa mafuta ya taa, kitambaa na kipande cha shaba, polepole, kwa wiki kadhaa. Nilikataza greinda isikisogelee, kwa sababu usahihi wote wa mashine umo katika uso wa kitanda. Ukiukwangua umetupa mashine. Vipande vidogo tuliviweka kwenye ndoo ya plastiki yenye maji na soda ya kufulia, pamoja na bati la chuma cha kawaida, tukaunganisha chaja ya betri ya gari. Waya wa hasi unafungwa kwenye kipande chenye kutu, wa chanya kwenye bati. Ukigeuza, kipande chako ndicho kitakacholiwa. Kazi hii hufanyika nje penye hewa, maana inatoa gesi inayoshika moto, na bati lisiwe la chuma kisichoshika kutu, kwani hutoa sumu.

Sasa nieleze habari ya mkia. Tulitafuta kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, tukatuma ujumbe Tanga, nami nikazunguka Gerezani siku mbili. Hakuna. Siku moja akaja karakanani mzee ambaye zamani alikuwa fundi wa shamba lile. Alisimama akiwatazama vijana wanavyosugua, hakusema kitu, akaondoka. Kesho yake akarudi na baiskeli, nyuma amefunga gunia. Ndani ya gunia mlikuwa na mkia wenyewe, umepakwa grisi, hauna hata alama ya kutu. Alieleza kwamba shamba lilipofungwa aliona watu wanakuja kuangalia mashine ili wainunue. Akaufungua mkia akaenda nao nyumbani, akijua kwamba mnunuzi mwenye akili hatanunua kerezo lisilo na mkia. "Nilikuwa nangoja atakayeisafisha kwanza," alisema. Ndugu zangu, mzee yule hakuchangia hata shilingi moja, na mchango wake ndio mkubwa kuliko wetu sote.

Gia mbili nyingine zilipatikana dukani, zikizuia mlango usipigwe na upepo. Moja ya meno 40, nyingine ya meno 60. Naomba mnielewe kwa nini zilitufanya tushangilie. Parafujo ndefu ya mashine hii ina nyuzi 8 kwa inchi. Gia ndizo zinazoamua parafujo izunguke mara ngapi kazi inapozunguka mara moja, na hapo ndipo unapata nyuzi unazotaka. Gia ya 40 ikiendesha ya 60, parafujo inakwenda theluthi mbili ya mwendo wa kazi, na kisu kinakata nyuzi 12 kwa inchi. Sasa, pua ya mashine hii, mahali chaki inapofungwa, ina kipenyo cha inchi moja na moja ya nane, na nyuzi zake ni hizohizo 12 kwa inchi. Kwa hiyo gia zilizokuwa zikizuia mlango ndizo zilizotuwezesha kukereza sahani ya nyuma ya chaki. Vijana waliikata wenyewe, kwenye mashine ileile itakayoitumia. Kerezo ni mashine inayoweza kusaidia kujitengeneza yenyewe, na ndiyo sababu fundi hakati tamaa nalo haraka.

Zimebaki gia saba. Hapa lazima tuwe waangalifu tunaponunua. Gia za Myford zimepimwa kwa inchi, na ziko gia za milimita zinazofanana nazo sana. Gia ya meno 40 ya kwetu ina kipenyo cha nje cha milimita 53.3. Ile ya milimita inayokaribiana nayo ina 52.5. Kwa macho huoni tofauti, vernia inaiona. Ukizichanganya zitazunguka kwa kelele na kulana meno.

Ndugu Mwenyekiti, najua wako wajumbe wanaosema chuma hiki kiuzwe kwa kilo, fedha inunue madawati. Si hoja ya kubeza. Watoto wanahitaji madawati. Lakini dawati likivunjika tutahitaji fundi, na fundi hajifunzi kwa kutazama picha. Kwa kilo tutalipwa bei ya chuma tu, wala hatutalipwa usahihi uliomo ndani yake.

Pia nisiwadanganye. Hii ni mashine ndogo. Nafasi yake ni inchi 20 kwa urefu, na kitu kinachozunguka juu ya kitanda kisizidi kipenyo cha inchi 7. Haitakereza shafti ya korona wala ya lori. Itatengeneza bushi za mashine za kusaga, pini za pampu za maji, spesa za bodaboda, boliti zisizopatikana dukani. Leo mwenye mashine ya kusaga akiharibikiwa bushi anapanda basi kwenda Tanga, na kina mama wanarudi nyumbani na mahindi yao kichwani. Zaidi ya hapo, kijana aliyejifunza kupima, kukata na kusoma vernia kwenye mashine ndogo hatababaika akiwekwa mbele ya kubwa.

Mashine inahitaji matunzo pia. Beringi za kichwa chake si za gololi, ni za madini meupe laini, na uhai wake ni oili. Kila asubuhi kijana mmoja ana zamu ya kujaza vikombe vya oili kabla swichi haijaguswa, na anatia sahihi daftarini. Kwa hiyo mchango wenu hautaangukia mikono mizembe.

Kinachobaki ni hiki. Chaki ya taya tatu ya inchi 4, maana sahani yake iko tayari. Gia saba. Mota ya umeme wa kawaida, nguvu ya nusu farasi, mizunguko kama 1,425 kwa dakika, kwa sababu tunayotumia sasa ni ya kuazima na mwenyewe ameanza kuiulizia. Mkanda mmoja. Na vernia mbili, ili vijana wasigombee moja.

Mwenye fedha atoe fedha. Mwenye ndugu Uingereza amwombe aulizie gia, kwa namba na kwa vipimo nilivyovitaja. Na kila mmoja wetu akienda nyumbani atazame nyuma ya milango na chini ya vitanda vya wazee. Huenda gia ya nane ya safari hii imo kwako.