Kujitolea Huanza na Kuhudhuria

(Hotuba iliyotolewa kwenye chakula cha jioni cha mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani)



Nitasema machache kabla hatujafika kwenye ajenda ya mwisho. Ajenda hiyo mnaifahamu. Limetolewa pendekezo kwamba chama chetu kichange nauli na gharama za vijana wawili wanaomaliza kidato cha sita, ili waende ng'ambo kufanya kazi ya kujitolea kwa mwezi mmoja. Waliolitoa wana nia njema, nami sikusimama kuwabeza. Nimesimama kuomba kwamba, kabla hatujapiga kura, tuulizane kujitolea ni kitu gani, na mtu hujifunzia wapi.

Wengi wetu tukisikia neno kujitolea tunafikiri habari za ndege, mizigo na nchi ya mbali. Mimi nafikiri jambo jingine, ambalo halina mvuto wowote. Nafikiri watu ishirini au thelathini waliokaa katika ukumbi wa hoteli, siku ya kazi, wanakula chakula walichokilipia wenyewe, huku wakisomewa taarifa ya mweka hazina. Huo ndio mkutano wa kawaida wa klabu ya Rotary.

Rotary ilianza Chicago, Marekani, tarehe 23 Februari 1905. Aliyeianzisha ni mwanasheria Paul Harris, akiwa na wenzake watatu: mfanyabiashara wa makaa ya mawe, mhandisi wa migodi, na mshona nguo. Walikuwa wakikutana kwa zamu katika ofisi ya kila mmoja wao, na zamu hiyo ndiyo iliyoipa klabu jina lake. Nairobi ilipata klabu yake mwaka 1930, na Dar es Salaam mwaka 1949.

Mkutano wenyewe huendeshwa kwa utaratibu. Rais wa klabu hugonga kengele. Wageni hutambulishwa. Aliyechelewa anaweza kutozwa faini ndogo, watu wakacheka, na fedha ikaingia katika mfuko. Kamati husema zimefikia wapi. Kisha mgeni aliyealikwa huzungumza kwa dakika kama ishirini, na kengele hugongwa tena. Kwa miaka mingi mwanachama aliyekosa mkutano wa klabu yake alitakiwa kufidia kwa kuhudhuria mkutano wa klabu nyingine, hata akiwa safarini. Tangu mwaka 2016 klabu zinaruhusiwa kukutana angalau mara mbili kwa mwezi, lakini ziko nyingi ambazo bado hukutana kila wiki.

Zipo lawama, nami sitazificha. Hadi mwaka 1989 kanuni za Rotary hazikuruhusu wanawake kuwa wanachama. Tena watu husema kwamba hizi ni klabu za wenye nafasi, na usemi huo una ukweli. Mkulima wa kijijini hawezi kula chakula cha hoteli kila wiki. Hata hivyo, desturi ya kuhudhuria si mali ya matajiri. Wazee wetu walikuwa na msaragambo. Siku ikipangwa, kila nyumba ilitoa mtu wa kwenda kuchimba mfereji au kutengeneza njia, na aliyekosa bila sababu aliulizwa.

Mtaniuliza, mikutano hiyo imezaa nini? Nitatoa mfano mmoja. Mwaka 1985 Rotary iliamua kuwachanjia watoto wa dunia nzima dhidi ya ugonjwa wa polio. Mwaka 1988, Shirika la Afya Duniani na wengine walipoungana katika kazi hiyo, ilikadiriwa kwamba watoto wapatao 350,000 walikuwa wakipoozwa na polio kila mwaka, katika nchi zaidi ya 125. Tangu hapo ugonjwa huo umepungua kwa zaidi ya asilimia 99. Tarehe 25 Agosti 2020 kanda ya Afrika ilithibitishwa kuwa haina tena virusi vya asili vya polio. Hesabuni miaka: kutoka 1985 hadi 2020 ni miaka 35. Walioanza kuchanga wengi wao walikuwa wamekwisha kufa. Kazi haikufa pamoja nao, kwa sababu wiki iliyofuata mkutano ulikuwapo, na jambo la polio lilikuwamo katika ajenda.

Sasa nije kwenye safari za ng'ambo. Nchi yetu inazijua habari hizi kwa upande wa mwenyeji. Mwaka 1961, kabla hatujapata Uhuru, Tanganyika ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kabisa kupokea vijana wa Peace Corps, chama kilichoundwa na Rais Kennedy mwezi Machi mwaka huo huo. Waliokuja walikuwa wapima ardhi, wahandisi na wanajiolojia. Kabla ya kuja walifundishwa Kiswahili. Walikuja kwa sababu Serikali ilihitaji wapimaji wa barabara, na wapimaji walikuwa haba. Mpango huo ulifungwa hapa mwaka 1969, ukarudi mwaka 1979. Mpaka leo kijana wa Peace Corps hupewa mafunzo kwa miezi kama mitatu, kisha hukaa kazini miaka miwili.

Waingereza walikuwa wametangulia. Chama chao cha VSO kilianzishwa mwaka 1958 na Alec Dickson na mkewe Mora, na mwanzoni kiliwapeleka vijana waliomaliza shule tu, wenye umri kama wa hawa wadogo zetu. Haukupita muda mrefu kikaanza kutafuta wahitimu wa vyuo vikuu na watu wenye ufundi, kwa kuwa hao ndio waliohitajika na nchi zilizowapokea. Baadaye VSO ikaanza kuandikisha watu wa kujitolea kutoka Kenya na Ufilipino pia. Kwa hiyo asiwepo anayedhani kwamba Mwafrika kazi yake ni kupokea tu. Mlango wa kwenda kutumikia wengine uko wazi, lakini huulizwi una moyo gani peke yake. Unaulizwa unajua kufanya nini, na utakaa muda gani.

Wahenga walisema: Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kijana wa mwezi mmoja, ng'ambo, hajui lugha wala hana ufundi. Jembe atalishika lini? Wiki ya kwanza anaonyeshwa njia, wiki ya mwisho anaagwa. Wenyeji ndio wanaojitolea kwake. Safari kama hiyo inaweza kumfungua macho, wala mimi sikatai. Basi tuiite safari ya masomo, na tuichangie kwa jina hilo, tusimdanganye kijana kwamba amekwisha kutumikia watu.

Katika kazi yangu serikalini nimekwenda vijiji vingi vyenye visima vilivyochimbwa na wafadhili wa kila namna. Palipo na kisima kinachotoa maji baada ya miaka kumi, nimekuta pia daftari la mahudhurio. Ipo jumuiya ya watumia maji, inakutana, inakusanya fedha ya kila ndoo, na fundi analipwa pampu inapoharibika. Pasipo na daftari, mara nyingi nimekuta bomba kavu na kibao chenye jina la mfadhili.

Ndugu Mwenyekiti, naomba pendekezo lirekebishwe hivi. Kwanza, tuanzishe hapa shuleni klabu ya Interact, ambayo ni ya vijana wa miaka 12 hadi 18, na ambayo imekuwapo duniani tangu mwaka 1962. Kanuni inataka idhaminiwe na klabu ya Rotary, nasi tutaiomba iliyo karibu nasi. Kanuni inataka pia miradi miwili kila mwaka: mmoja wa shule au jamii, na mmoja wa kukuza maelewano kati ya mataifa. Pili, nusu ya fedha ya nauli iwe mtaji wa miradi hiyo, na hesabu zisomwe hapa kila mwaka. Tatu, nusu iliyobaki iwekwe kwa ajili ya kijana wetu yeyote ambaye, akiisha kupata shahada au ufundi, ataombwa kwenda kutumika ng'ambo kwa mwaka mmoja au zaidi.

Nanyi wadogo zetu, msivunjike moyo mkisikia kwamba ndege imeahirishwa. Klabu hiyo ikianza, wiki ya kwanza ukumbi utajaa. Wiki ya sita mtabaki wachache. Ninyi mtakaobaki, endeleeni kuandika majina yenu katika daftari. Chama hiki kitawatafuta humo.