MSULI HUVUTA, HAUSUKUMI

(Mazungumzo kwa wanakisomo wa Kasanga)



Leo tuzungumze juu ya misuli, yaani nyama zilizoshikana na mifupa yetu. Mwilini mwa mtu kuna misuli hiyo zaidi ya 600. Bila hiyo, mifupa ni kuni tu, haiendi popote.

Hebu tujaribu jambo. Shika mkono wako wa kulia, kati ya bega na kiwiko. Sasa ukunje. Umesikia nini? Nyama ya mbele imevimba na kuwa ngumu. Msuli umefupika. Ncha yake ya chini imefungwa kwenye mfupa, chini kidogo ya kiwiko, kwa kamba ngumu iitwayo kano. Msuli ukifupika huvuta mfupa, na mkono hukunjika.

Je, nani anaukunjua? Wengi tutasema ni msuli ule ule. Sivyo! Ninyi wavuvi mnajua: kwa kamba tunavuta mtumbwi ufukoni, lakini nani amewahi kusukuma mtumbwi kwa kamba? Msuli nao huvuta, hausukumi. Kwa hiyo uko msuli mwingine nyuma ya mkono. Huo ukivuta, wa mbele hulegea, na mkono hunyooka.

Ukichambua nyama ya ng'ombe iliyochemshwa utaona nyuzi nyuzi. Nyama yetu ni hivyo hivyo. Ndani ya kila uzi zimo nyuzi nyembamba zaidi, zisizoonekana kwa macho. Amri ikifika kutoka kwenye ubongo kwa njia ya mishipa ya fahamu, nyuzi hizo huingiliana kama vidole vya mikono miwili. Hapo ndipo msuli hufupika.

Sasa angalieni. Kano imeshika karibu na kiwiko, lakini mzigo uko mbali, kiganjani. Ndiyo maana ukishika ndoo ya kilo 10 huku mkono umekunjwa, msuli hulazimika kuvuta kama unainua zaidi ya kilo 50.

Mgongo nao ni vile vile. Mfuko wa saruji una kilo 50. Mtu akiinama, magoti yamenyooka, akaunyanyua mbali na kifua, misuli ya kiuno huvuta kwa nguvu inayoupita uzito huo mara nyingi. Siku moja kiuno kinakataa. Mtu analala ndani, shamba linangoja, nyavu zinangoja. Halafu tunasikia eti karogwa! Hakurogwa. Kainua vibaya.

Basi tufanye hivi:

1. Tusogee karibu na mzigo.
2. Tukunje magoti, mgongo unyooke.
3. Tuukumbatie mzigo kifuani, tuinuke kwa miguu. Misuli ya mapaja na matako ina nguvu kubwa.
4. Tukitaka kugeuka, tugeuze miguu, tusipinde kiuno.
5. Mzigo mzito tuubebe wawili.

Tena, tusiuze dagaa wote. Misuli hujengwa kwa dagaa, samaki na maharage.

Maumivu ya mgongo yakishuka mguuni na mguu ukafa ganzi, au mkojo ukakataa kutoka, twende kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Jembe likivunjika mpini tunachonga mwingine. Mgongo hauchongwi. Ukimaliza kusoma, msomee na jirani yako.