Kuchagua Diski Kubwa ya Kompyuta ya Nyumbani



Zamani picha za harusi zilikaa kwenye albamu kabatini, na daftari la kikundi cha kuweka na kukopa lilikaa kwa katibu. Leo vyote hivyo, pamoja na nyimbo za kwaya, kumbukumbu za madrasa na hesabu za duka, vimo ndani ya kompyuta moja sebuleni, katika chombo kinachoenea kiganjani. Chombo hicho ni diski kuu, au hadidiski kwa kauli ya mafundi. Kinapojaa, mwenye nyumba hufunga safari hadi Kariakoo kutafuta kikubwa zaidi. Kutoka Maili Moja au Kisarawe mjini, kurudisha diski mbovu ni nauli ya pili na siku ya pili ya kazi iliyopotea. Kwa hiyo maswali yaulizwe kabla fedha hazijatoka mfukoni.

Swali la kwanza halimhusu muuzaji: je, kompyuta yako itaipokea? Nyingi za kompyuta za mezani tunazonunua zimekwisha kutumika katika ofisi za ng'ambo, na yale makasha yake membamba aghalabu yana nafasi ya diski moja tu. Mwombe fundi afungue kasha, ahesabu nafasi na nyaya zilizobaki, nawe upige picha kwa simu uende nayo dukani. Diski kubwa ya mezani ina ukubwa wa inchi 3.5; ya kompyuta mpakato ni inchi 2.5. Tena, diski inayozidi terabaiti 2 ipangwe kwa mfumo wa GPT. Ikipangwa kwa ule wa kale, MBR, sehemu iliyozidi hapo haitatumika, na mnunuzi atadhani ameibiwa.

Lipo jambo jingine linalofanana na wizi bila ya kuwa wizi. Diski iliyoandikwa terabaiti 4 huonekana katika Windows kama 3.63. Kiwanda huhesabu kwa maelfu, Windows huhesabu kwa 1,024, hakuna kilichopungua.

Udanganyifu wa kweli uko kwingine: diski iliyotumika kuuzwa kama mpya. Tusidhani hayo ni ya vichochoro vyetu peke yake. Mapema mwaka 2025, nchini Ujerumani, iligundulika kwamba diski nyingi zilizokwisha kufanya kazi maelfu ya saa zilikuwa zimeuzwa madukani kama mpya, na kumbukumbu zake za saa zimefutwa. Mwaka mmoja una saa 8,760. Programu ya bure iitwayo CrystalDiskInfo huonyesha saa ambazo diski imewashwa. Mwombe muuzaji aifungue mbele yako. Diski mpya itasoma saa chache mno. Kwa kuwa hesabu hiyo yaweza kufutwa, linganisha pia namba ya kifaa iliyo kwenye lebo na ile inayoonyeshwa na programu, kisha uiingize kwenye tovuti ya mtengenezaji ili kuona kama waranti bado ipo. Muuzaji anayekataa hatua hizi za dakika kumi amekwisha kukujibu.

Kuhusu aina, sitakawia. Diski isiyo na sehemu inayozunguka, yaani SSD, ni ya kasi na haiogopi mtikisiko, lakini kwa ujazo mkubwa bei yake hupanda sana. Kwa picha na video za kuhifadhiwa, diski ya kuzunguka inatosha, hata ile ya mizunguko 5,400 kwa dakika. Uliza tu kama inaandika kwa njia ya SMR, ambayo hupungua kasi sana inapoandikiwa mfululizo. Mwaka 2020 Western Digital ilikiri kwamba baadhi ya diski zake za WD Red zilitumia njia hiyo bila wanunuzi kuelezwa. Jina kubwa, basi, haliondoi haja ya kuuliza.

Na ukubwa wenyewe? Hapa nina maoni makali kidogo. Mwenye fedha ya terabaiti 4 anunue mbili za terabaiti 2, moja ikae ndani ya kompyuta, nyingine ipokee nakala kila mwezi na kuhifadhiwa nyumba nyingine. Umeme unapokatika na kurudi kwa kishindo, diski moja kubwa hufa na kila kitu kilichomo, na picha za marehemu hazina duka.

Dai risiti ya EFD, na duka liandike juu yake, au kwenye hati ya waranti, namba ya kifaa na neno "mpya" au "iliyotumika". Bila maandishi hayo, shauri lako litabaki neno lako dhidi ya neno la muuzaji. Ukiwa nayo, rudi kwanza dukani. Ukikataliwa, peleka malalamiko Tume ya Ushindani, kwa kuwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mnunuzi kuhusu hali ya bidhaa.

Diski ya zamani usimwachie fundi hivi hivi. Kufuta mafaili kwa njia ya kawaida hakuyaondoi. Yanaweza kurudishwa kwa programu, na humo mna namba za vitambulisho na hesabu za wanakikundi. Iandikwe upya yote kwa programu ya kufutia kabla ya kuuzwa; ikiwa imekufa, itobolewe kwa drili mpaka sahani zake zipasuke.