Kaburi la Baba Katikati ya Ngano

Msikilizaji, Siku ya Mama tunaimba kanisani na kununua vitenge. Ya baba, Jumapili ya tatu ya Juni, wengi wetu hushtuka imeshapita. Mimi sina kinyongo. Watu wa wilaya za Mbulu na Hanang hawajawahi kungoja kalenda ili kumheshimu baba.

Kwa Wairaqw, mzee akianza slufay, ile dua ndefu ya kuombea nchi na watu, waliokaa humwitikia, na hakuna wa kumkatiza. Ila leo nataka tukae zaidi kwa majirani zao wafugaji, Wabarabaig.

Mzee wa Kibarabaig aliyeishi kwa heshima hujengewa bung'eda. Si kila mwanamume, tuelewane. Kuzaa peke yake hakutoshi. Kaburi hilo linainuliwa kwa miti, udongo na samadi, tabaka juu ya tabaka, likipita kimo cha mtu, na shughuli nzima huchukua kama miezi tisa. Ndugu, wakwe na majirani wanafika, pombe ya asali inapikwa, na wenye msiba ni watoto wa marehemu. Miezi tisa! Sisi wa mjini matanga ya siku tatu tunaona marefu, mkono mmoja kwenye sahani, mwingine kwenye simu.

Sasa lije la ngano. Miaka ya 1970 na 1980, shirika la umma la NAFCO, kwa msaada wa Kanada, lilifungua mashamba makubwa ya ngano katika nyanda za Basotu, Hanang, jumla kama ekari 100,000. Wafugaji walipoteza malisho, na hilo limesemwa sana. Lisilosemwa vya kutosha ni kwamba matrekta yalipita pia juu ya bung'eda. Ukiwa umekaa juu ya trekta, kaburi la namna hiyo ni kichuguu tu, unakata moja kwa moja.

Watu walikwenda mahakamani. Kijiji cha Mulbadaw kiliishinda NAFCO katika Mahakama Kuu, lakini mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikatengua ushindi huo: haki ya kimila waliyodai haikuthibitishwa. Mimi si mwanasheria. Lakini najiuliza, mtu aliyemzika baba yake mahali, akamjengea kwa miezi tisa mbele ya koo zote, ulitaka alete ushahidi gani tena?

Ndiyo maana salamu za Siku ya Baba hazinitoshi. Vijiji vyetu vinapoandaa mipango ya matumizi bora ya ardhi, vinaweka kwenye ramani shule, zahanati, malambo na njia za mifugo. Wenyeviti wa vijiji, wekeni na bung'eda kwenye ramani hizo. Wazee wanaoweza kuwaonyesha kwa mkono kwamba fulani amelala hapa na fulani pale bado wapo Basotu, na wengine wanatusikiliza asubuhi hii. Wafuateni kabla mvua hazijaanza, maana barabara ya huko mnaijua.